Panzi wa Kushikwa kwa Vidole

Assalaam aleikum Baba, na shikamoo. Shikamoo Mama. Rukia mdogo wangu, najua ndiwe unayesoma, kwa hiyo marahaba hata kabla hujaniamkia, maana ukiachiwa utajifanya umesahau.

Kabla ya yote, Rukia, kuna boksi limekuja pamoja na barua hii. Yule dada wa Mtama aliyelileta, muuguzi mwenzetu wa huku, nimemwapisha alibebe mapajani safari nzima, na kama amekwambia mimi ni msumbufu, amesema kweli. Liweke mkekani, karibu na magoti ya Baba, lakini lisifunguliwe mpaka nikuambie. Nakujua wewe. Na barua uisome yote kama nilivyoandika, usiruke mstari, hasa ukifika pale utakapotaka kuruka.

Haya, habari za hapo? Mama, mguu unasemaje? Ile dawa ya kuchua unaitumia, au bado imekaa juu ya kabati unaitazama? Baba, kikohozi? Mimi mzima, alhamdulillahi, sina kinachoniuma isipokuwa nyumbani. Huku Uskochi baridi imeanza tena, na mvua yao ina adabu mbaya, inakuja kwa ubavu, mwavuli haukusaidii kitu. Bado niko kwenye nyumba ileile ya kulea wazee. Nawaogesha, nawavalisha, nawalisha uji wa shayiri usio na sukari wala nazi, Mama ungewaonea huruma. Nikitoka kazini alasiri giza limeshaingia, natembea kando ya bahari yao ambayo hainuki kitu. Natamani kunusa dagaa waliotandazwa juani. Natamani kusikia mtu akigombana na mbuzi. Sikujua kama mtu anaweza kuvitamani vitu vya namna hii, lakini ndivyo nilivyo, na tamaa yenyewe naijua mpaka mahali inapokaa, hapa chini ya koo.

Sasa habari ya ndege. Kwenye simu nilishawaambia kwamba Jumamosi huwa naenda kwenye ukumbi fulani karibu na ninapoishi. Mara ya kwanza niliingia kwa sababu ya joto tu, mlango ulikuwa wazi na ndani kuna jiko la umeme. Nikawakuta wazee wamekaa kwenye meza ndefu, miwani imewashukia puani, kila mmoja anaunga ndege ndogo ya plastiki. Watu wazima, Baba, wenye wajukuu! Zinakuja ndani ya boksi vipande vipande, unavikata kwenye fremu yake, unavisugua, unavigundisha. Mmoja wao ni Gordon, alikuwa fundi wa mabasi kabla ya kustaafu. Akanipa chai, akanisogezea kiti, na mezani kwake, kwenye maboksi aliyotaka kuyagawa, nikaona picha ya Panzi.

Moyo ukaniruka. Panzi wetu, mwenye mabawa juu na pangaboi moja puani, na ile miguu iliyotufanya sisi watoto wa mlinzi wa kiwanja cha ndege tumwite Panzi, kwa vile hata akiwa ametua alikaa kama anayetaka kuruka tena. Nilisimama nimelishika boksi mpaka Gordon akaniuliza kama najisikia vibaya. Nikamwambia, baba yangu alikuwa anaifukuzia mbuzi ndege hii. Akacheka, akadhani natania. Ikabidi nimweleze vile ulivyokuwa ukipanda baiskeli yako kila ukisikia mlio unatokea upande wa Kilwa Kisiwani, unapita kiwanja chote ukipiga kengele na kuwatukana mbuzi wa jirani kwa majina yao, ndipo Panzi ashuke. Boksi akanipa.

Lilikuwa boksi la zamani na kazi yake ilikuwa ya haraka haraka. Mlango umechorwa tu ubavuni, haufunguki. Viti vya abiria vimekaa kama matofali. Saa za mbele ya rubani ni karatasi ya kubandika. Gordon akasema, ukiiunga hivi hivi utapata kidude cha kuchezea, ukitaka iwe ndege kweli itabidi uiongezee mwenyewe kila kilichosahauliwa. Basi nikaanza. Nilijifunza kuyeyusha kipande cha fremu juu ya mshumaa na kukivuta mpaka kinakuwa uzi mwembamba, huo ukawa waya wa redio. Mikanda ya viti nilikata kwenye karatasi ya fedha iliyofungiwa chokoleti. Na kazi kubwa kuliko zote ilikuwa msasa. Pale ukumbini wana sheria yao: plastiki ikija na mistari na ribiti zilizovimba, vile vichwa vya misumari ya bati, unazisugua zote mpaka bapa, kisha unachonga upya vijifereji vyembamba kama unywele, kwa sababu kwa macho ndiyo inaonekana kama ndege ya kweli. Nilisugua majuma na majuma, mpaka ncha za vidole vyangu zikawa hazisikii. Panzi akawa laini mwili mzima. Gordon akamgeuzageuza kwenye taa, akasema sijapata kuona mkono mtulivu namna hii kwa mtu anayeanza. Nilivimba kichwa, siwafichi.

Ndipo nikawapigia ile simu ya video. Ilikuwa Ijumaa, mmetoka kuswali, Rukia amekushikia simu Baba, na nyuma namuona Mama anapepeta mchele. Nikamleta Panzi mbele ya kamera, nikamzungusha polepole. Alikuwa kijivu mtupu. Hakuwa amepata hata tone moja la rangi, rangi zenyewe zilikuwa bado ndani ya mfuko wa dukani.

Ukasema, "Maashallah! Mstari mwekundu huo umeupatia kabisa, mwanangu. Uleule! Na pale mkiani unapopanda juu, hapo ndo' penyewe."

Nikasema, "Ahsante, Baba."

Mama akaacha kupepeta. Rukia, kidole chako kiliteleza kikaziba kona ya kioo, nilikiona. Kisha Mama akauliza kwa sauti ya juu kama huku mvua inanyesha, kana kwamba mvua ya Uskochi ilikuwa imemkosesha usingizi. Tukazungumza habari za mvua mpaka mtandao ukakatika, na mara ya kwanza maishani niliushukuru mtandao.

Rukia, hapa ndipo nilipokuambia usiruke.

Baba, usimlaumu Rukia. Nilimpigia siku ya pili, nikambana mpaka akalia. Akanieleza safari za Lindi hospitali, na kwamba ni presha ya macho, na daktari amesema kilichokwenda hakirudi, na hicho kidogo kilichobaki ni kama mwanga wa chini ya mlango. Akanieleza pia ulivyowakataza wote. "Mwacheni mtoto afanye kazi yake. Akijua atapanda ndege ya kwanza." Hapo ulinijua vizuri. Ningepanda. Lakini karatasi zangu za kuishi huku ziko kwenye kuhuishwa, nikitoka kabla hazijajibiwa sirudi tena, na hilo nalo ulilijua kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyekuambia.

Nilikukasirikia. Nakuambia wazi kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kusema wazi. Nilikukasirikia wewe na Mama, nikakasirika hata na Panzi pale mezani, nikamfunika na taulo. Hasira ilipopoa ikabaki hofu, na hiyo haijapoa mpaka leo. Kila nikifikiria kurudi kwangu, naanza na sura yako: nimeshuka na begi, umesimama mlangoni umekunja jicho moja, unanipima kama nimekonda. Sasa nitasimama hapo mlangoni, na wewe utaniona nani? Sauti yangu yenyewe Rukia anasema imebadilika, imekuwa ya watu wa huku. Naogopa nitafika nyumbani na mwenye nyumba hatajua kama nimefika.

Juma hilohilo nilimbeba Panzi kwenda naye kazini, sijui kwa nini, labda sikutaka kumwacha peke yake. Kuna bibi ninayemwogesha, haoni kabisa, na ananijua kwa bangili yangu tu. Nikamwekea Panzi mikononi, nikamwambia, bibi, hebu sema hiki ni nini. Akakipapasa kutoka puani mpaka mkiani, taratibu, kwa heshima zote. Akafikiri. Akasema, "Mpenzi wangu, ni samaki mzuri sana."

Nilicheka mpaka nikakaa chini, na nilivyokaa chini nikalia. Majuma yote yale ya msasa nilikuwa nawafanyia kazi wenye macho. Kwa vidole, Panzi wangu alikuwa samaki changu tu aliyepaliwa magamba!

Basi nikaanza upya, kinyumenyume. Jumamosi iliyofuata nilikaa na gundi nyeupe na ncha ya sindano, nikawa naweka tone, tone, tone, kila moja kama punje ya ulezi, mstari baada ya mstari, kurudisha ribiti zote nilizozisugua, na nikazirudisha kubwa kuliko zilivyokuwa. Gordon alipoona akashika kichwa. "Zuhura, unaiharibu! Hakuna ndege yenye ribiti za ukubwa huo. Zitaonekana kutoka ng'ambo ya barabara." Nikamwambia hazikuwekwa kuonekana. Nikamweleza mambo yote, ya simu, ya mstari mwekundu. Halafu akauchukua msasa wangu, akautia mfukoni mwake, na hajaurudisha mpaka leo. Tangu siku hiyo, kila nikifika nakuta ameshanichongea kitu: mara bawaba ya waya, mara ngazi ya kupandia.

Mlango sasa unafunguka, Baba. Uko kushoto, nyuma, palepale. Na chini ya mlango kuna kiraka. Umekisahau kile kiraka cha bati, ukubwa wa kiganja, walichompigia Panzi baada ya kugongana na mwewe? Ulikuwa huwezi kupita bila kukipapasa, ukimwambia "pole mzee." Mimi nilikuwa nasimama nyuma ya uzio nakutazama, nikauonea wivu ule mkono wako. Nimekiweka. Pangaboi nimeitia pengo dogo kwenye bawa moja la chini, la lile jiwe la kiwanjani aliloligonga akitua. Magurudumu nimeyakwaruza na kuyapaka mchanga halisi, wa huku, samahani, sikuwa na mwingine.

Na rangi nimepaka pia. Mstari mwekundu upo, unapanda mkiani pale ulipoupenda. Ulikuwa umeshaniambia nimeupatia, sikutaka uwe umesema uongo. Ukipitisha ukucha utausikia ukingo wake.

Mama, sasa zamu yako, na usinune. Pembeni ya Panzi, kwenye ubao, kuna mlingoti na lile fuko la kuonyesha upepo. La kwako. Baba, mkumbushe Rukia, alikuwa bado mgongoni: fuko la kiwanjani lilioza kwa jua, jipya halikuja, ukamwomba Mama ashone moja kwa kanga yake kuukuu. Na Mama, fundi wa foronya, akalishona kama foronya, akaliziba mkiani! Upepo ukaingia usiwe na pa kutokea, likavimba kama samaki bunju, likawa linazunguka mlingoti kama lililopandwa na pepo. Rubani kule juu anazunguka na yeye, hajui upepo unatoka wapi. Alipotua hatimaye, alishuka mwenyewe kwanza, akauliza, "Nani kashona lile dude?" Na wewe Mama ukajibu kutoka nyuma ya uzio, "Mie. Kwani halikushika upepo?"

Gordon ameniambia mara nyingi kwamba fuko la upepo huwa wazi kwenye ncha. Nimemwambia la Kilwa Masoko limezibwa. Nimelikata kwenye kona ya kanga yangu, kipande cha ile doti tuliyogawana siku naondoka, na pindo nimelishona tena vizuri, kwa hiyo ukinikagua nikija hutaona kitu. Baba, ukitia kidole kwenye fuko kikakwama, utajua hiki ni kiwanja gani.

Kuna jambo moja nimelifikiria sana wakati vidole vinafanya kazi. Pale kiwanjani kazi yako ilikuwa mbuzi, majani na geti. Kushusha abiria hakukuwa kazi yako, hakuna aliyekutuma. Lakini kila Panzi alipofungua mlango ulikuwa hapo chini ya ngazi na mkono umenyooshwa, awe mgonjwa anarudi kutoka Dar, awe mkubwa wa serikali, awe Mzungu na kofia yake, wote neno lilelile: "Karibu nyumbani. Shuka taratibu, ardhi haikimbii." Wazungu hawakuelewa na bado walikushika mkono. Mimi nilikuwa nimeshika uzio, nakuuliza kila mara, na mimi lini? Nawe ukanijibu kila mara, "Siku yako inakuja. Utapanda huyuhuyu Panzi, na nitakushusha mwenyewe."

Nilipoondoka, niliondoka kwa basi. Ulinipandisha wewe, ukanitafutia kiti cha dirishani, ukamgombeza kondakta kwa sababu ya begi langu. Hatukuitaja ile ahadi. Nimekuja kupanda ndege kubwa sana tangu hapo, na kila ikitua, mlangoni anasimama binti mwenye skafu shingoni anatabasamu na kutuaga wote kwa pamoja. Mimi hutazama chini ya ngazi. Nikijua kabisa hayupo mtu, hutazama.

Mnisalimie Bibi Mwanahawa hapo mlango wa pili, mwambie huku hawajui kitumbua, wana kitu kama jamaa yake wa mbali, hakina hiliki. Salamu kwa mjomba Hamisi wa Kiswere akija na samaki wake, na aache kumuuzia Mama wale wa jana. Shangazi wa Kilangala mwambieni korosho alizonipa nilizila kwa choyo, sikumgawia mtu, isipokuwa Gordon. Na mtu yeyote akipita hapo akauliza Zuhura yuko wapi, mwambieni anangoja karatasi, zikitoka anakuja, inshallah, na hakuna atakayemzuia.

Nikija, Baba, sitapiga hodi wala sitasema kitu. Nitakupa mkono tu.

Haya Rukia. Fungua boksi sasa. Pole pole, mabawa yametoka nje kidogo. Mpe Baba mikononi, pua ielekee kwake, na wewe uendelee kusoma ukiwa umesimama mbali, usimsaidie.

Baba, huyo ndiye Panzi. Anza puani. Pengo la jiwe hilo. Pita na ribiti kushoto, zifuate, zitakupeleka. Kiraka kiko hapo chini, mpe pole kama kawaida yako. Juu yake ni mlango. Ufungue kwa ukucha, bawaba ni imara, Gordon ameapa. Ingiza vidole viwili. Utakuta viti, na viti vina watu. Wa mbele wote nimewagundisha, hata ukiwavuta hawatoki, wana safari zao. Lakini wa kiti cha nyuma, huyo karibu na mlango, aliyefungwa kichwani uzi wa ile kanga tuliyogawana na Mama, sikumtia gundi.

Mpe mkono, Baba. Amekaa hapo tangu Uskochi, anangoja umwambie ardhi haikimbii.

Ni mimi mwanao, abiria wako,
Zuhura